Picha za Tingatinga na kuta za Tabata

Jumatatu sishiki brashi. Ni siku ya daftari. Nafungua kibanda, nafagia, naagiza chai kwa mama wa jirani, kisha nakaa na kaunta buku langu la kwaya mbili na kuandika kila kilichoingia na kilichotoka wiki iliyopita: lita ya rangi nyeupe, bodaboda iliyopeleka mzigo Tabata, advansi ya mteja wa Goba, umeme. Nikimaliza najua wiki hii nianze na picha ipi na ninunue nini kwanza. Kibanda changu cha kuchorea picha za Tingatinga kipo Mwananyamala, Dar es Salaam, chumba kimoja na baraza, na kwenye baraza ndipo picha zinapokaukia.

Nimeanza na daftari kwa sababu karibu kila wiki kuna kijana ananiandikia Instagram: "Shikamoo dada. Hivi kuchora kunalipa kweli?" Kunalipa. Kunanilipia kodi ya kibanda, ada ya mwanangu na mboga ya kila siku, na sina kazi nyingine. Lakini picha inayolipa ni ile uliyojua gharama yake kabla hujamtajia mtu bei, na mteja atakayekuweka mjini ni yule anayeishi mji huu huu. Mtalii ni riziki, akija tunamkaribisha. Ila usimpangie bajeti.

Nilijifunza kwa mjomba, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nilikuwa nakwenda naye likizo nikiwa shule ya msingi. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa, baadaye nikapewa kutia madoa ya chui, na nilipofika sekondari alikuwa ananiachia picha nzima na kwenda zake kunywa kahawa. Hapo madukani ndipo marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alipokuwa akiuza picha zake. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake: vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho kiko pale pale hadi leo.

Watu wanapomzungumzia mzee huyu wanazungumzia chui na ndege wake. Mimi napenda kumtazama kama mfanyabiashara. Oysterbay ya wakati ule ndiko walikokuwa wakikaa wageni wenye kazi zao mjini. Walikuja madukani kununua mahitaji ya nyumbani, wakakuta picha za rangi kali zimeegemezwa, wakanunua. Alichagua saizi inayobebeka na malighafi anayoimudu, na akaweka mali yake pale mwenye hela anapopita. Basi nikajiuliza: mwenye hela ya picha leo anapita wapi? Jibu nililipata nikiwa kwenye daladala ya Tabata, nikitazama nyumba. Dar inajenga. Tabata, Kigamboni, Mbezi, Goba, Kimara, kila mahali watu wamehamia wakiwa hawajamaliza hata uzio, na ukiingia ndani utakuta makochi mapya, televisheni kubwa, na kuta nne nyeupe ambazo hazina kitu zaidi ya kalenda na saa.

Kuta hizo ndizo soko langu.

Kabla ya soko, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana hesabu nitakazotoa zinatoka humo. Kitambaa ni marekani. Naiwamba kwenye fremu ya mbao mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Napaka rangi ya maji nyeupe mara mbili, ikikauka napiga msasa. Kisha inakuja rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya kupakia mageti na milango. Tuseme nataka anga la jioni: nyekundu chini, njano katikati, na juu bluu iliyozama. Napaka zote tatu haraka, na kabla hazijashika nachukua kipande cha sponji ya godoro na kugongagonga pale rangi mbili zinapokutana hadi usijue moja imeishia wapi. Hapo ndipo mwanafunzi anapojulikana. Anayekandamiza anapata tope. Anayegusa kwa wepesi anapata machweo. Siku ya pili nachora umbo kwa chaki na kujaza mwili wa mnyama, naacha ikae, na mwisho kabisa ndiyo madoa, michirizi, jicho. Jicho naliacha hadi mwisho kwa makusudi. Mnyama akishapata jicho mkono haukubali tena kumgusa.

Sasa hesabu. Chukua picha ya sentimita 60 kwa 80, saizi inayotoka kuliko zote kibandani kwangu. Kitambaa 6,000. Mbao za fremu na misumari 5,000. Rangi, za chini na za juu, 8,000. Thina, msasa na kuchakaa kwa brashi 3,000. Hapo ni shilingi 22,000 na bado hujainua mkono. Mkono wenyewe nimeupangia 25,000 kwa siku, kwa sababu fundi rangi wa nyumba hapa mtaani kwetu hashuki chini ya hapo, na picha kama hii inakula siku mbili ukiunganisha vipande vyote. Ongeza 50,000. Kodi, umeme na bando, nikigawa kwa idadi ya picha ninazotoa kwa mwezi, 10,000. Jumla 82,000. Hiyo ni gharama, bei inaanzia hapo kwenda juu. Mimi nauza 110,000, na ile 28,000 inayobaki siigusi kwa ajili ya nyumbani. Ndiyo inayonunua rangi mwezi ambao simu haikulia.

Picha ya saizi hiyo hiyo, iliyochorwa vizuri tu, nimeishuhudia ikiuzwa 30,000 saa kumi na mbili jioni kwa sababu mwenye nayo hakuwa na nauli ya kurudi Mbagala. Njaa ndiyo iliyopanga bei. Hali hiyo naifahamu na simlaumu mtu, lakini inaniuma, kwa sababu aliyenunua kwa 30,000 atawaambia wenzake, na kesho yake mstari mzima wa wachoraji unadaiwa 30,000. Kwa hiyo ukijifunza jambo moja tu katika maandishi haya, jifunze kutenga nauli na chakula cha wiki kabla hujatoka kwenda kuuza.

Wateja wa Kitanzania wanaomba kupunguziwa, na ni haki yao, hata mimi Kariakoo naomba. "Dada, punguza basi, mi si mteja wako?" Nikifika hapo nampunguzia picha. Namwonyesha ya 40 kwa 50, yenye ndege wawili badala ya wanne, kwa 55,000. Mara nyingi anaitazama ndogo, anairudia kubwa, anaichukua kubwa kwa mafungu mawili. Nusu anatoa siku ya oda, nusu siku ya kupokea. Bila nusu ya kwanza sikati hata kitambaa.

Kuna watu wawili kati ya mchoraji na mteja ambao lazima niwataje. Wa kwanza ni winga, yule anayeniletea wateja kwa kamisheni. Wengine wanamchukia, mimi hapana. Anatembea juani, anaongea na watu ambao mimi nisingewafikia, na nampa asilimia 15 tuliyokubaliana mapema, siyo ile anayoibuni akiwa mbele ya mgeni. Wa pili ni mwenye duka la zawadi anayechukua mali kauli. Unamwachia picha, zikiuzwa anakulipa. Ni mfumo mzuri ukiwa na mtu mwaminifu, kwa sababu picha zako zinaonekana mahali ambapo kodi yake usingeiweza. Lakini duka moja lilifungwa na picha zangu ndani, simu zikawa hazipokelewi, na hadi leo sijui ziko ukuta wa nani. Sasa hivi mali kauli naitoa kwa karatasi: orodha ya picha, bei yangu, tarehe ya kuhesabiana, sahihi mbili, na kila mmoja anabaki na nakala. Mwenye duka wa kweli hakasiriki kwa karatasi.

Msimu nao una la kusema. Wageni wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wanarudi Desemba na Januari, na kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika zinawaondoa. Masika hiyo hiyo ndiyo adui wa rangi ya mafuta. Hewa ya Dar inakuwa nzito kwa unyevu, picha inayokauka usiku mmoja inakaa mbichi siku mbili tatu, na mbu wanaganda kwenye anga lako la jioni. Ukitegemea wageni, miezi hii unakosa mara mbili. Basi masika natembea na ndoo za rangi ya maji, inayokauka upesi, nachora kuta za ndani: madarasa ya chekechea, saluni, vyumba vya watoto.

Kazi ya kuta niliianza mwaka 2020. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena Mei, lakini wageni hawakurudi kwa kufunguliwa anga. Wachoraji kadhaa ninaowafahamu waliingia kwenye bodaboda na wengine hawajarudi kwenye brashi. Shule pia zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Mama mmoja mwenye chekechea Kimara akaona madarasa yako tupu, akasema wacha nipake rangi sasa, watoto wakirudi wakute kitu kipya. Mdogo wangu alikuwa anafundisha pale, akanitaja. Nilichora herufi zote kwa wanyama na vitu vya kwetu: K ya kobe, N ya ndovu, T ya twiga, na kwa V nikachora vitumbua kwenye chano, kwa sababu mtoto wa Kimara anakijua kitumbua kuliko anavyomjua mnyama yeyote wa mbugani. Ukuta unalipwa kwa mita ya mraba, rangi ananunua mwenye ukuta. Mzazi mmoja wa pale aliona, akaniita kwake kuchora chumba cha mtoto. Na yeye ana dada yake Tabata. Hivyo ndivyo oda za Tabata zilivyoanza.

Mteja wa sebuleni ana tabia zake na nimejifunza kuzipenda. Kwanza anatuma picha ya makochi kwa WhatsApp. "Dada, mapazia ni maziwa na kahawia, niwekee inayoendana." Kuna wenzangu wanaona huko ni kumshusha msanii. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayeuliza picha itakaaje na mapazia yake ana nia ya kuishi nayo miaka mingi, ataiona kila akirudi kazini, wanawe watakua wakiitazama. Mgeni anaiviringisha kwenye begi, na mimi sitajua kama ilitundikwa. Pili, mteja wa nyumbani anatoa zawadi. Msimu wa kicheni pati na sendofu naletewa oda na kamati nzima ya akina mama, wamechanga, wanataka kitu ambacho bibi harusi hatapata cha pili chake. Nawachorea kanga wawili, dume na jike, wamekaa shingo kwa shingo, na nyuma ya fremu naandika majina na tarehe kwa rangi nyeupe. Tatu, anarudi. Wa Goba alianza na pundamilia wa kuendana na makochi, akaja kwa ajili ya chumba cha mama yake, kisha ofisini kwake.

Sabasaba pia imenifunza hivyo hivyo. Ni maonesho ya biashara ya kila Julai pale Kilwa Road, na kikundi chetu tulipata nafasi kwenye banda kupitia SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Wanaopita ni Watanzania kutoka kila mkoa. Palepale wananunua vitu vidogo, sinia, visanduku, picha za 20 kwa 20. Lakini wanachukua namba ya simu, na kufikia Septemba mtu anapiga: "Wewe si yule dada wa twiga wa Sabasaba? Nimehamia nyumba yangu sasa."

Niseme na la fedha. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyongeza yangu ni laini mbili za simu. Laini ya biashara ina Lipa Namba, wateja wote wanalipia huko, na Ijumaa najihamishia mshahara kwenye laini ya nyumbani. Mtoto akitaka viatu Jumanne anasubiri Ijumaa, labda awe mgonjwa. TIN niliichukua TRA bila kulipa shilingi, na hesabu zangu zilizoandikwa zinanisaidia, kwa sababu mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu anatozwa pungufu ya yule asiye nazo.

Mikopo ya kausha damu, naomba tu muikimbie. Wanataka marejesho ya kila siku au kila wiki, na sisi tunalipwa kwa oda. Leo huna kitu, Alhamisi ijayo una laki mbili. Hizo ratiba mbili hazikutani, na nimeona mwenzangu akichukuliwa friji na fremu zake zote kwa deni lililoanza dogo kabisa. Mimi nachukua kwenye kikoba chetu cha mtaani Oktoba, nanunua rangi na marekani za Desemba, narudisha Januari. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tumeshapeleka maombi kama kikundi. Tunataka mashine ya kukatia mbao ili tuache kununua fremu kwa fundi.

Na hakimiliki, kwa kifupi, kwa kuwa nimeulizwa sana. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, na kumuuzia mtu picha hakumpi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na vikombe. Kwenye risiti zangu kuna mstari mmoja unaosema hivyo. Kijana mmoja aliyetaka kuchapa pundamilia wangu kwenye mifuko ya nguo aliusoma mstari ule, akarudi, tukakubaliana malipo kwa kila mfuko. Hakuwa mwizi. Hakuna aliyewahi kumwambia tu.

Mtu atauliza, katika mapazia na makochi yote hayo, ule upenzi wa kuchora umebaki wapi? Umebaki Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo sipokei oda. Nachora Feri, pale soko la samaki alfajiri, mnada ukiwa umechachamaa, akina mama wa kukaanga wamebeba ndoo, maji ya magamba yakimetameta sakafuni. Nachora mama lishe akigeuza chapati kwa vidole. Bado ni rangi ile ile ya mageti na sponji ile ile ya godoro, lakini watu ndio wamechukua nafasi ya wanyama, na picha moja inaweza kunichukua mwezi mzima. Nazipangia bei kubwa, kuanzia laki nne na nusu, na zinakaa. Zimekaa kwenye maonesho, zimekaa kibandani, sina haraka nazo kwa sababu pundamilia wameshalipa kodi. Ile ya mnada wa samaki hatimaye imenunuliwa, na aliyeinunua ni yule yule wa Goba. Safari hii hakutuma picha ya makochi. Alisema atatafuta pa kuiweka.

Kwa wanaotaka kujifunza: nafundisha Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Njoo na brashi mbili, moja nyembamba na moja pana, na nguo usiyoihurumia, kwa maana rangi ya mafuta haitoki. Marekani na rangi natoa mimi, unalipia kwa simu kabla ya Ijumaa ili nijue ninunue kiasi gani. Somo la kwanza ni kuwamba kitambaa. Somo la pili unapiga hesabu ya picha yako mwenyewe hadi shilingi ya mwisho, ndipo unashika sponji. Wiki hii tu sitakuwepo. Niko Kimara, ile chekechea imeongeza darasa, na wameomba namba kuanzia moja hadi ishirini.